Kiyoyozi cha gari la zamani kisipopoza: namna ya kutafuta hitilafu kabla ya kujaza gesi

Gari likishapita miaka kumi na tano hivi, huja siku ambapo dereva anawasha kiyoyozi, feni inavuma kama kawaida, lakini hewa inayotoka ni ile ile ya nje. Jawabu la haraka linalotolewa na watu wengi, mafundi wakiwamo, ni kwamba gesi imekwisha na iongezwe. Huenda kweli imepungua. Lakini gesi ya kiyoyozi haiungui kama petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na ikipungua sana kwa muda mfupi ina mahali ilipotokea. Tena hitilafu nyingi za magari ya umri huo hazihusiani na gesi hata kidogo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mambo yanayochunguzwa kwa macho, mikono na kipimajoto cha bei ndogo, na kuiweka chupa ya gesi mwishoni kabisa.

Baridi inavyopatikana

Bila kuelewa mzunguko wa gesi, vipimo vyote vitakavyofuata vitakuwa tarakimu tupu. Kompresa, ambayo huzungushwa na mkanda wa injini, hufyonza gesi yenye shinikizo dogo na kuikandamiza mpaka inakuwa na shinikizo kubwa na joto kali. Gesi hiyo huingia kwenye kondensa, yaani ile rejeta nyembamba iliyo mbele ya rejeta ya maji, ambako upepo huiondolea joto na kuigeuza kimiminika. Kimiminika hicho hupenya kwenye kitundu chembamba, ambacho katika magari mengine ni vali ya kutanua na katika mengine ni kijibomba kisichofunguka wala kufunga, na shinikizo lake hushuka ghafla. Kikifika kwenye evaporeta, iliyofichwa nyuma ya dashibodi, huchemka na kunyonya joto la hewa inayopita, kisha hurudi kwenye kompresa kikiwa gesi. Njiani kuna chupa ya kukaushia yenye chembechembe zinazonasa unyevu. Gesi ya R-134a, iliyomo katika magari mengi ya zamani, huchemka kwenye nyuzijoto 26 chini ya sifuri inapokuwa katika shinikizo la kawaida la hewa; tabia hiyo ndiyo inayopoza gari, na ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuunguza ngozi au jicho kwa baridi.

Kwa hiyo vaa miwani ya kukinga macho na glavu kabla ya kugusa kiungio chochote, wala usilegeze paipu wakati mfumo bado una gesi. Gesi isiachiwe hewani. Hutolewa kwa mashine ya kuivuna. Usiilete karibu na moto, kwa sababu R-134a ikikutana na joto kali huvunjika na kutoa mvuke wa sumu. Na yeyote anayekushauri ujaze gesi ya kupikia kwa kuwa nayo inapoza, mwambie kwamba evaporeta iko ndani ya chumba cha abiria, na ikivuja utakuwa umeketi ndani ya mchanganyiko unaongoja cheche moja tu.

Tambua pia gari lako linatumia gesi gani. Kwa kawaida kuna kibandiko chini ya boneti kinachotaja aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Magari yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 mara nyingi yaliundwa kwa R-12, gesi iliyoondolewa sokoni baada ya Itifaki ya Montreal ya 1987 kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Viungio vyake vya kujazia vina hesi za kufungia, ilhali vya R-134a ni vya kubofya na kunasa, kile cha shinikizo dogo kikiwa na upana wa milimita 13 na kile cha shinikizo kubwa milimita 16. Tofauti hiyo iliwekwa makusudi ili mtu asichanganye gesi mbili kwa bahati mbaya.

Hatua ya kwanza: thibitisha lalamiko kwa kipimo

Neno «hakipozi» lina maana nyingi mno. Washa injini, weka kiyoyozi kwenye baridi ya mwisho, chagua kuzungusha hewa ya ndani, funga madirisha, na ushikilie mzunguko wa injini kwenye 1500 hivi kwa dakika. Chomeka kipimajoto katika tundu la hewa la katikati ya dashibodi na usubiri dakika tano hadi kumi. Mfumo mzima, yaani usio na hitilafu, hutoa hewa ya nyuzijoto kati ya 4 na 10, ingawa siku ya joto kali lenye unyevu mwingi kipimo kinaweza kupanda zaidi bila kuwapo hitilafu. Andika nyuzijoto za nje na za ndani, kwani utazihitaji baada ya matengenezo.

Wakati huo huo angalia tatizo linavyojitokeza. Je, upepo wenyewe ni hafifu, au ni mwingi lakini wa moto? Je, kinapoza gari likienda kasi na kuacha likiwa kwenye foleni? Je, kinaanza vizuri halafu kinakata baada ya nusu saa? Je, upande mmoja ni baridi na mwingine vuguvugu? Kila jibu hufunga milango kadhaa ya uchunguzi na kuacha wazi michache.

Hatua ya pili: upepo na vifuniko vya ndani

Ikiwa feni ya ndani inafanya kazi kwenye kasi ya juu peke yake na kasi nyingine zimekufa, aghalabu kizuizi cha umeme kinachogawa kasi kimeungua. Ni kifaa kidogo kinachokaa ndani ya njia ya hewa. Ikiwa kasi zote zipo lakini upepo ni dhaifu, kagua chujio la hewa ya ndani, ambalo wamiliki wengi hawajui kwamba lipo. Magari yasiyokuwa na chujio hilo hukusanya vumbi na majani makavu juu ya evaporeta yenyewe mpaka yanafanya blanketi.

Upepo ukiwa mwingi na wa moto, fungua boneti na uguse paipu nene inayorudi kutoka ukuta wa dashibodi kuelekea kompresa. Ikiwa ni ya baridi na inatoka jasho, basi gesi inafanya kazi yake na tatizo liko ndani: joto la hita linachanganyika na baridi ya evaporeta. Kifuniko kinachogawa hewa kati ya hita na evaporeta huendeshwa kwa kebo au mota ndogo, na katika gari kuukuu kebo hukatika, meno ya mota husagika, au sponji ya kifuniko huoza. Jaribio rahisi ni kuwasha kiyoyozi asubuhi injini ikiwa bado baridi. Kikipoza dakika chache za mwanzo, kisha hewa ikawa vuguvugu kadiri maji ya injini yanavyopata joto, huku ile paipu ikibaki baridi, umepata mkosaji. Mimi mwenyewe niliwahi kubadilishiwa kompresa isiyokuwa na kosa lolote, nikaendesha gari la moto mwezi mzima, kabla sijagundua kwamba kebo ya kifuniko ilikuwa imechomoka kwenye klipu yake. Kuirudisha kulichukua dakika mbili.

Hatua ya tatu: je, kompresa inanasa?

Magari mengi ya zamani yana klachi ya sumaku mbele ya kompresa. Puli huzunguka muda wote injini inapowaka, lakini sahani iliyo mbele yake hunasa na kuzunguka pale tu kiyoyozi kinapoitwa kazini. Mwenzako abonyeze kitufe cha AC nawe utazame, mikono na nguo zikiwa mbali na mkanda. Unapaswa kusikia mlio mkavu wa «tak» na kuona sahani ikizunguka.

Isiponasa, anza na fyuzi, kisha rilei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme. Katika magari mengi rilei ya honi ni ya aina moja na ya kiyoyozi, hivyo unaweza kuzibadilishana kwa majaribio. Halafu pima umeme kwenye waya wa klachi huku kitufe kikiwa kimewashwa. Ukikuta volti 12 au zaidi na klachi haisogei, kasoro iko kwenye klachi yenyewe. Koili yake, ikipimwa kwa mita huku waya umechomolewa, kwa kawaida husoma omu 3 hadi 5; usomaji usio na kikomo ni dalili kwamba imekatika.

Kuna ugonjwa mmoja wa klachi unaowachanganya watu wengi. Sahani inapolika kwa miaka, nafasi kati yake na puli hupanuka. Nafasi inayotakiwa ni takriban milimita 0.3 hadi 0.7, kutegemea kompresa. Ikizidi hapo, sumaku huweza bado kuivuta sahani injini ikiwa baridi, lakini koili ikishapata joto nguvu yake hupungua na klachi huachia. Dereva huona kiyoyozi kinachokata baada ya nusu saa na kurejea gari likishapoa, na wengi hupelekwa kujaza gesi kwa sababu hiyo. Ukiwa na fila ya kupimia nafasi, jambo hili hugunduliwa kwa dakika moja, na mara nyingi tiba ni kutoa washa (pete bapa ya chuma) moja nyembamba iliyo nyuma ya sahani.

Usipokuta umeme kwenye klachi, shuku swichi ya shinikizo dogo. Kazi yake ni kuzuia kompresa isizunguke bila gesi, kwa kuwa oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi; gesi ikiisha, kompresa hukosa ulainisho. Unaweza kuunganisha nyaya mbili za swichi hiyo kwa sekunde chache tu ili kuona kama klachi itanasa, lakini ni jaribio la utambuzi na si ukarabati, na haifai kufanywa pale unapohisi mfumo ni mtupu. Kumbuka vilevile kwamba injini yenye joto lililopita kiasi huzima kiyoyozi ili kujinusuru, na kwamba katika hali hiyo ugonjwa ni wa maji ya injini.

Mlio wa kukwaruza unaosikika hata kiyoyozi kikiwa kimezimwa hutoka kwenye beringi ya puli, na beringi hiyo aghalabu hubadilishwa peke yake.

Hatua ya nne: kondensa na feni zake

Kiyoyozi kinachopoza barabara kuu na kushindwa kwenye foleni kinakuambia waziwazi kwamba kondensa haipati upepo. Ukiwasha kiyoyozi gari likiwa limesimama, feni ya kondensa inapaswa kuanza mara moja au baada ya muda mfupi. Isipoanza, kagua fyuzi, rilei na mota yake. Ikianza lakini kwa uchovu, mota imechoka.

Baadaye tazama uso wa kondensa: wadudu, matope na mapezi (vibati vyembamba vya kondensa) yaliyolala huziba njia ya hewa. Ioshe kwa maji ya msukumo mdogo, ikiwezekana kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa sababu msukumo mkali hulaza mapezi zaidi. Pengo lililo kati ya kondensa na rejeta ya maji halionekani kwa urahisi, na hapo ndipo takataka za miaka yote hulala.

Hatua ya tano: geji

Ikiwa yote yaliyotangulia yako sawa, sasa ni zamu ya geji mbili za kiyoyozi, ya buluu kwa shinikizo dogo na nyekundu kwa shinikizo kubwa. Zifunge injini ikiwa imezimwa na imepoa. Zote mbili zitaonyesha kipimo kimoja, na kwa R-134a kipimo hicho hufuata joto la mazingira: takriban psi (pauni kwa inchi ya mraba) 68 kwenye nyuzijoto 20, psi 97 kwenye nyuzijoto 30, na psi 114 kwenye nyuzijoto 35.

Hapa ndipo watu wengi hupotoka. Kipimo cha mfumo uliolala hakikuambii una gesi kiasi gani. Madhali ndani mna japo kimiminika kidogo, shinikizo litakuwa lile lile, iwe umejaa au umebakiwa na robo. Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba shinikizo lililo chini sana ya hapo ni dalili ya mfumo unaokaribia kuwa mtupu, na shinikizo lililo juu sana ya hapo huashiria hewa ya kawaida iliyoingia au gesi zilizochanganywa.

Washa injini na kiyoyozi. Mfumo mzima kwa kawaida husoma psi 25 hadi 45 upande mdogo na psi 150 hadi 250 upande mkubwa, tarakimu zikipanda kadiri siku inavyokuwa ya joto. Pande zote mbili zikiwa chini, gesi imepungua. Pande zote mbili zikiwa juu, ama gesi imezidishwa, ama kondensa haipoi, ama mna hewa ndani. Mwagia kondensa maji, na shinikizo likishuka haraka utajua kwamba shida ilikuwa upepo. Upande mdogo ukiwa juu na mkubwa ukiwa chini, huku gesi ikiwa ya kutosha, kompresa imechoka na haikandamizi tena. Upande mdogo ukizama kuelekea sifuri au chini yake, kuna kizuizi njiani. Pitisha mkono kwenye mabomba na utafute mahali ambapo joto hubadilika ghafla au barafu hujitokeza, kwa maana kizuizi kiko hapo. Kizuizi kinachokuja na kuondoka ni unyevu unaoganda kwenye vali ya kutanua, ishara kwamba chupa ya kukaushia imeshiba maji na haiwezi tena kuyanasa.

Katika magari yanayotumia kijibomba badala ya vali, ni kawaida klachi kunasa na kuachia mara kwa mara. Kisicho kawaida ni kunasa na kuachia kila sekunde chache. Huko ndiko gesi iliyopungua inakojitangaza.

Hatua ya sita: kutafuta uvujaji

Gesi ikiwa imepungua, tafuta ilikopitia. Oili husafiri na gesi, hivyo mahali panapovuja mara nyingi huwa na doa la mafuta lililonasa vumbi. Anza na viungio vya mabomba, ambamo oringi za mpira hukauka na kupoteza unyumbufu. Endelea na maungio ya chuma na mpira kwenye hozi, uso wa kondensa uliopigwa na vijiwe, na nyuma ya klachi ambako sili ya mhimili wa kompresa huvujia. Usisahau vijivali vya kujazia, ambavyo vinafanana na kijivali cha tairi na huvuja vivyo hivyo; paka sabuni na utazame povu. Kofia zake za plastiki si mapambo, bali ni kizuizi cha pili.

Uvujaji mdogo huhitaji rangi inayong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno, ambayo huwekwa ndani ya mfumo na kukaguliwa baada ya siku kadhaa, au kifaa cha kunusa gesi. Ukitumia kifaa hicho, kipitishe upande wa chini wa kila kiungio, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa. Evaporeta haionekani, lakini inaweza kukaguliwa kwa kuweka kifaa kwenye kijibomba kinachotoa maji chini ya gari baada ya kiyoyozi kuzimwa kwa muda. Mfumo mtupu hujaribiwa kwa naitrojeni kavu. Usitumie oksijeni wala upepo wa kompresa ya tairi: ya kwanza inaweza kulipuka ikikutana na oili, na wa pili huingiza unyevu, mbali na kwamba R-134a iliyochanganyika na hewa chini ya shinikizo inaweza kushika moto.

Kuhusu dawa za kuziba matundu zinazouzwa pamoja na makopo ya gesi, ushauri wangu ni kuziacha dukani. Zinaweza kuganda ndani ya vali na kuharibu mashine ya fundi atakayekuja kuivuna gesi hiyo, na karakana nyingine hukataa kabisa gari lililowekewa dawa hizo.

Hatua ya saba: kujaza kwa haki yake

Uvujaji ukishatibiwa, badilisha chupa ya kukaushia ikiwa mfumo ulikaa wazi, weka oringi mpya zilizopakwa oili ya kompresa, kisha fyonza hewa kwa pampu ya utupu kwa dakika 30 hadi 45. Ufyonzaji huu hauondoi hewa pekee. Shinikizo linaposhuka sana, maji huchemka hata kwenye joto la kawaida na kutoka yakiwa mvuke. Funga vali, zima pampu na usubiri nusu saa. Sindano ikipanda, bado kuna mahali panapovuja au unyevu uliobaki, na hakuna sababu ya kumimina gesi.

Jaza kwa mizani na si kwa kukisia. Gari dogo hubeba pengine gramu 500 hadi 900, na kibandiko cha chini ya boneti ndicho chenye neno la mwisho. Gramu zinazozidi hupunguza baridi badala ya kuiongeza. Kompresa ikiwa inazunguka, gesi huingizwa kupitia upande wa shinikizo dogo peke yake, kopo likiwa limesimama wima. Ukifungua vali ya upande mkubwa, shinikizo la kompresa litarudi kwenye kopo na linaweza kulipasua.

Oili nayo ina mambo yake. Mifumo ya R-12 ilitumia oili ya madini, ambayo haisafiri vizuri na R-134a. Gari la R-12 linalohamishiwa gesi mpya huhitaji kuondolewa oili ya zamani kadiri inavyowezekana, kuwekewa oili ya esta, kubadilishiwa oringi na chupa ya kukaushia, kufungwa viungio vipya vya kujazia pamoja na kibandiko kipya, na kujazwa takriban asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa awali. Hata hivyo tarajia baridi iliyopungua kidogo, kwa sababu kondensa yake iliundwa kwa gesi nyingine.

Ikiwa kompresa ilikufa kwa kusagika, ukaguzi haujaisha kwa kufunga mpya. Toa kijibomba au vali ya kutanua na utazame: oili nyeusi yenye vumbi linalometameta maana yake vipande vya chuma vimesambaa kwenye mfumo. Mabomba yanaweza kusafishwa, lakini kondensa za mifereji myembamba bapa hazisafishiki kwa uhakika na hubadilishwa. Kompresa mpya iliyofungwa kwenye mfumo mchafu hufa mapema kuliko iliyotangulia.

Baada ya kujaza, rudia kipimo cha hatua ya kwanza kwa masharti yale yale na ulinganishe na tarakimu ulizoandika. Kisha washa kiyoyozi kwa dakika kumi hivi kila wiki, hata msimu wa baridi, ili oili ifike kwenye sili ya mhimili isije ikakauka. Ukiona maji yakidondoka chini ya gari upande wa abiria, usihangaike. Ni jasho la evaporeta. Yanapoacha kudondoka na zulia la ndani likaanza kulowa, zibua kile kijibomba cha kutolea maji kwa waya laini usiokuwa na ncha kali.